Kabla ya Kukaza Kilicholegea

Miaka kadhaa iliyopita niliharibu utepe wangu wa kupimia huku nikiamini kwamba ninautengeneza. Ulikuwa ule wa chuma unaojikunja wenyewe ndani ya kasha, wenye kibati kilichopindwa kwenye ncha. Nilipoona kibati hicho kinachezacheza, nilimlaumu aliyekiunda, nikachukua nyundo na kuzigonga ribiti zake hadi kikatulia tuli. Tangu siku hiyo mbao nilizokata kwa ajili ya rafu zilipwaya kwenye kabati, na nikailaumu misumeno.

Seremala mmoja aliyenizidi umri ndiye aliyenifumbua macho. Ukikitia kibati hicho kwenye ukingo wa ubao na kuvuta, unene wake hauhesabiki katika kipimo. Ukikisukuma ukutani, unene huohuo ni sehemu ya kipimo. Kwa hiyo kimeachiwa nafasi ya kusogea kwa kiasi cha unene wake, kwa kawaida takriban milimita moja, ili sifuri iwe sahihi katika hali zote mbili. Nilichokiita kasoro kilikuwa ndicho kilichofikiriwa kwa makini kuliko vyote.

Ndiyo maana ninakushauri uchukue kitu kimoja unachokitumia kila siku na ukitumie polepole, huku ukijiuliza kila sehemu yake ingekosekana, nini kingeharibika. Anza na birika la chai lenye tundu dogo kwenye kifuniko. Lijaze maji baridi, mimina, kisha ulizibe tundu hilo kwa kidole: ikiwa kifuniko kimekaa vizuri, maji yatapungua au kukatika kabisa, kwa sababu hewa haina tena pa kuingilia ili kushika nafasi ya maji yanayotoka. Mimi nililirudia jaribio hilo mara nne kwa furaha ya kitoto ambayo sioni haja ya kuificha.

Kisha itazame kalamu ya kawaida, kwa mfano Bic Cristal, iliyoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1950. Mwili wake wenye pande sita hauviringiki ovyo mezani, tundu la ubavuni huruhusu hewa kuingia ili wino uendelee kushuka, na tundu lililo kwenye kifuniko chake cha siku hizi limewekwa ili mtu akikimeza kwa bahati mbaya na kikamkwama kooni, hewa iendelee kupita. Nilikuwa nimetafuna vifuniko hivyo tangu shule ya msingi bila kujua kwamba kuna mtu aliyekwisha kunifikiria.

Sisemi kwamba kila kitu kina hekima ndani yake. Mlango wenye mpini unaokualika kuvuta, ilhali unafunguka kwa kusukumwa, ni kazi mbovu, na hakuna utulivu wa kuutazama utakaoubadilisha. Hata hivyo, matumizi ya makini ndiyo yanayokuwezesha kutofautisha uzembe na kusudi, na tofauti hiyo haionekani kwa mtu anayeshika vitu akiwa na haraka.

Nilinunua utepe mwingine, na kila ninapoutoa hukivuta kibati chake kwa kidole gumba na kukisikia kikigonga. Ule wa kwanza bado ninao. Ninautumia kupima mahali pa kuweka samani, kazi ambayo haijali milimita moja.