Nikiacha Kusimamia Kila Kitu, Nyumba Haitaharibika?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, mhasibu hapa Tanga. Kwa miezi mingi sasa ninalala nimechoka na kuamka nimechoka zaidi. Nina msichana wa kazi, lakini sare alizokwisha kuzipiga pasi huzirudia mwenyewe usiku, na akipika wali husimama nyuma yake nikiangalia vikombe vya tui. Mwanangu mkubwa anasoma bweni Morogoro. Siku ya safari humpigia kondakta basi likikaribia Segera, kisha Chalinze, na asipopokea, moyo hunienda mbio. Ninaswali, ninaomba dua, lakini siachi kuhangaika. Mume wangu husema nimeshika mambo mno. Nikiacha, nyumba haitaharibika?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mahangaiko yako yanatokana na mapenzi na uwajibikaji, wala sitakuambia uache kuwajibika. Ninachotaka ukione ni kwamba mambo uliyoyataja si ya aina moja, ingawa yote unayakabili kwa nguvu ileile.

Tuanze na basi. Kabla halijaondoka stendi, una uwezo wa kweli: kuchagua basi la mchana, kuhakikisha mtoto amefunga mkanda, kupanga atakayempokea. Likishaondoka, simu yako kwa kondakta haibadilishi mwendo wa dereva hata kidogo, ila akili huihesabu kuwa ni kazi uliyoifanya, na ndiyo maana huwezi kuiacha. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Marekani, Ellen Langer, alichapisha majaribio kuhusu tabia hii ya akili kudhani ina uwezo pale isipokuwa nao. Watu waliojichagulia tiketi ya bahati nasibu ya dola 1 walidai kwa wastani zaidi ya dola 8 ndipo waiuze, ilhali waliopewa tu walidai takribani dola 2, na nafasi ya kushinda ilikuwa sawa kwa wote. Nawe kila simu isiyopokelewa huushtua mwili kana kwamba kuna hatari mbele yako: moyo hupiga kwa kasi, misuli hukaza, na usiku usingizi hugoma. Mwagize mwanao akupigie akifika, basi.

Wali na sare ni habari nyingine, kwa sababu hapo una uwezo. Swali ni gharama yake. Msichana anayesimamiwa kila kikombe hajifunzi kupima tui, bali hujifunza kukusubiri. Chagua jambo moja, na mimi ningechagua wali. Mwambie waziwazi kwamba kuanzia leo wali ni wake, kisha kwa wiki mbili usiingie jikoni anapopika, na siku utakapotoka bokoboko, kaeni mle bila neno. Siku za mwanzo zitakuwa ngumu kwako kuliko kwake, maana mkono uliozoea kushika huwashwa ukiwa mtupu. Sare endelea nazo kwa sasa ukipenda. Sioni haja ya kuachia yote kwa mpigo.

Kuhusu dua, bila shaka unaijua hadithi ya mtu aliyeambiwa na Mtume amfunge ngamia wake, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Wewe kufunga unafunga vizuri sana, ila kila baada ya dakika chache unarudi kukagua fundo.

Kwa mawazo ya usiku, ipo njia ambayo mwanasaikolojia mwingine, Thomas Borkovec, na wenzake waliieleza mwaka 1983, nami naipenda kwa kuwa haimlazimishi mtu asiwaze. Tenga nusu saa kila siku, mahali palepale na wakati uleule, mathalani baada ya alasiri, iwe ya kuhangaika tu. Wasiwasi ukija saa nyingine, uahirishe hadi hapo. Kaa na daftari: jambo lenye hatua unayoweza kuichukua kesho, andika hatua hiyo, lisilo na hatua, liombee dua, na nusu saa ikiisha, inuka.

Ikiwa baada ya wiki kadhaa usingizi haujarudi, au moyo unakwenda mbio hata siku ambazo hakuna anayesafiri, nenda Hospitali ya Bombo hapo Tanga ukamweleze daktari dalili zote, kwa sababu upungufu wa damu, na pia tezi ya shingo inapofanya kazi kupita kiasi, huweza kuleta uchovu na mapigo kama hayo, na yote mawili yana tiba.