Mnaoanza kupima almasi kinyonga, someni kwanza

Wiki hii tena: kijana katoa jiwe kwenye bahasha, kalitupia jicho, kaandika "manjano", kafunga daftari. Nikamwambia aliache mezani chini ya taa akanyooshe miguu. Aliporudi alikuta kijani cha zeituni, akanitazama kama vile mimi ndiye mwenye kiinimacho. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanichosha.

1. Usiandike rangi ya jiwe lililotoka gizani. Almasi kinyonga ikikaa gizani saa kadhaa au siku, au ikipashwa moto, kijani chake chenye ukijivu hugeuka manjano. Ikiona mwanga au ikipoa, hurudi kijani ndani ya sekunde au dakika chache. Rangi ya kuandika ni hiyo inayotulia.

Nayajua haya kwa machungu. Jiwe langu lilikuwa limelala kwenye kasiki. Nikalifungua, nikalipima, nikaandika manjano yenye ukahawia, nikalirudisha kwenye bahasha upesi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Baadaye mwenzangu akalipima upya, akaandika kijani. Mwenye jiwe akaja na karatasi mbili: uzito uleule hadi sehemu ya mia ya karati (kipimo cha uzito wa vito), rangi mbili tofauti. Hakuuliza kitu, alisema tu tumembadilishia almasi yake. Nikakimbilia daftari nimwonyeshe mchoro wa dosari za ndani, zinazotambulisha kila jiwe. Mchoro haukuwepo! Niliuruka kwa sababu jiwe lilikuwa dogo, nikajiambia nani atauliza. Ikabidi nilipashe moto mbele yake. Likageuka manjano, likapoa, likarudi kijani. Jibu lilikuwa pale mezani, ila nilishachelewa: alichukua jiwe lake akaondoka bila kuaga, na hakuleta lingine. Mkubwa wangu wa kazi alinyamaza siku nzima. Heri angenifokea.

2. Chora dosari, hata kwa kijiwe kidogo. Sirudii.

3. Joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi linatosha kumgeuza kinyonga, kwa taa ndogo ya spiriti. Hatuchomelei bomba hapa. Na kabla ya kuwasha, hakikisha nyufa hazijajazwa kioo, na kwamba kijani hicho hakikutokana na mionzi, maana rangi ya namna hiyo ikipata joto kali huharibika isirudi tena. Mimi nikiwa na shaka natumia giza: linachelewesha kazi, lakini halijawahi kuunguza kitu.

4. Imulike kwa urujuanimno (mwanga usioonekana kwa macho) wa mawimbi mafupi, kisha zima kila kitu. Kinyonga wa kawaida huendelea kutoa mwanga wa manjano gizani.

5. Msiite hii aleksandriti, kile kito kingine kinachobadili rangi. Aleksandriti hubadilika ukitoka mwanga wa jua kwenda mwanga wa balbu. Almasi kinyonga hubadilika kwa joto na kwa giza. Mawe haya huwa na haidrojeni na nitrojeni, mara nyingi na nikeli pia, ila kasoro hasa inayoleta mabadiliko bado wataalamu wanaibishania. Mwaka 2005 mtaalamu wa vito Thomas Hainschwang na wenzake walichapisha uchunguzi wa mawe 39 ya aina hii. Someni huo kabla ya kuniuliza kwa nini. Na msisubiri jiwe kama lile kinyonga maarufu la Chopard, kampuni ya saa na vito, lenye karati zaidi ya 31. Mengi mtakayoyaona yatawalazimu mtafute lenzi kwanza.

6. Yupo pia kinyonga wa kinyume: ana manjano hafifu, akikaa gizani ndipo huwa kijani, na joto halimgusi. Kwa hiyo jiwe likikataa kubadilika juu ya taa ya spiriti, msikimbilie kuandika "si kinyonga". Lifungieni kwenye kasiki hadi kesho, na juu ya bahasha andikeni saa lilipoingia. Kwa kalamu ya wino, tafadhali. Juzi nimekuta penseli iliyofutika.