Miezi 16 na maneno mawili tu
Dada unayeuliza kuhusu mwanao, usipaniki, watoto wa miezi 16 wanaosema maneno mawili tu mbona wapo wengi, cha kuangalia ni anaelewa kiasi gani, ukimwambia lete kiatu analeta? anaonyesha kitu kwa kidole? basi kichwani yamejaa ila mdomo bado, watoto wanaelewa mapema kuliko kusema. Na akiita mbuzi, ng'ombe na paka wote "nyau" (wangu alimwita hivyo hadi kuku 😂) we mjibu tu "ee, mbuzi huyo, anakula majani". Tivii haimjibu hivyo, zima. Kilugha cha bibi yake na Kiswahili ongeeni vyote, havimcheleweshi. Ila akifika miaka 2 haungi hata "mama njoo", au wakati wowote ukimwita hageuki, hapo usingoje, akapimwe masikio kwanza.