Saluni yenye sakafu ya sima nyekundu: rangi gani ukutani?

Yaya, umeuliza upake rangi gani saluni (sebule) ya mita 4 kwa 5, yenye sakafu ya sima (saruji) nyekundu, makochi ya kahawia na dirisha linalotazama kaskazini, na unapenda kijani. Kijani kinafaa, ila si kile cha majani mabichi: kikikaa juu ya wekundu, vyote viwili vinazidi ukali, na macho yanachoka. Chukua kijani kilichofifia, chenye kijivu ndani.

Sima na makochi hubadilishi leo, kwa hiyo rangi nzito umeshazipata. Sehemu ya juu ya kuta weka krimu. Nyeupe tupu hapana: jua likipiga sima, mwanga unarudi na wekundu wake na ukuta unaonekana pinki. Tena hapa Lubumbashi, kiangazi jua linapita kaskazini na kuingia moja kwa moja kwenye dirisha lako. Mwezi wa Desemba liko kusini, chumba kinatulia.

Kijani kikae chini, hadi mita 1 hivi, mstari upite juu kidogo ya migongo ya makochi. Huko ndiko vumbi jekundu na mikono ya watoto vinakofika, basi iwe rangi ya mafuta inayofutika. Krimu iwe ya maji, isiyong'aa, maana mng'ao unaanika kila bonde la plasta.

Balbu ichaguliwe kabla ya rangi, jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Ile nyeupe ya kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) inafanya krimu ionekane kama imechakaa. Ya 2700 inairudishia joto. Paka kibao cha sentimita 50 kwa 50 mara mbili, kikauke, kisha kihamishe ukuta kwa ukuta, asubuhi, mchana na usiku.

Hesabu, kwa kuta za mita 2.80: juu, ukitoa mlango na dirisha, ni kama mita 30 za mraba; chini 17. Lita 1 inafunika takriban mita 10 za mraba kwa mpako mmoja, hivyo kwa mipako miwili nunua lita 7 za krimu na 4 za kijani. Plasta isiyowahi kupakwa inanyonya sana. Itangulize rangi ya msingi. Kama ni mpya, subiri wiki 4, la sivyo chokaa ya saruji inageuza rangi ya mafuta kuwa kama sabuni, nayo inabanduka.

Fundi akichanganya kwa tyubu za kutia rangi, ndoo zote za rangi moja zimiminwe kwenye pipa moja kabla ya kuanza. Ndoo ya pili haifanani kamwe na ya kwanza, na tofauti inajitokeza katikati ya ukuta.

Mito ya makochi iwe ya rangi ya shaba, michache tu, nyekundu usiongeze.

Dari kwanza, halafu krimu, kijani mwisho. Utepe wa mstari uubandue kijani kikiwa bado kibichi, kikikauka kinang'oka nao.