Maswali Yenu: Usaili kwa simu

Swali: Nimeigiza tamthilia za runinga miaka miwili. Sasa prodyuza wa filamu anataka nijirekodi kwa simu. Nifanyeje?

Jibu: Dada, ilaze simu kwa ubavu kwenye stendi, usawa wa macho, uonekane kuanzia kifuani. Nyuma yako uwe ukuta mtupu, dirisha liwe mbele. Likiwa nyuma utaonekana kivuli tu. Wengi huharibu kwenye sauti: zima feni, na friji kama iko jirani. Anayekusomea mistari ya mhusika mwenzako akae ubavuni mwa kamera, lakini asome kwa sauti ya chini, maana yuko karibu na maiki kuliko wewe. Mtazame yeye, si kamera. Na zile nyusi za tamthilia, juu kila neno, zipunguze! Kwenye skrini ya sinema hata kope ikicheza huonekana.