Bingwa wa ligi, mbona bado anapitia mchujo?

SWALI: Timu ikitwaa ubingwa wa ligi ya wanawake nchini, kwa nini haiendi moja kwa moja Ligi ya Mabingwa Afrika?

JIBU: Kwa sababu fainali zina timu nane tu. CAF, shirikisho la soka Afrika, ilipoanzisha mashindano haya mwaka 2021 iliwapa kazi ya mchujo mashirikisho ya kanda, na kwetu ni CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati. Mabingwa wa nchi wanakutana kituo kimoja, na kwa kawaida anapita mmoja tu: Vihiga Queens mwaka 2021, Simba Queens 2022, JKT Queens 2023. Sare moja ya kizembe inaweza kukugharimu mwaka mzima.

Fainalini kuna makundi mawili ya timu nne. Mbili za juu zinaingia nusu fainali. Hapo ndipo kikosi chembamba kinapoumbuka: mechi tatu za makundi zinapishana siku chache, na kocha asiyebadilisha wachezaji anafika nusu fainali na miguu mizito. Simba Queens walimaliza wa nne mwaka 2022, matokeo yanayostahili heshima kubwa kuliko waliyopewa.

Na leseni ya klabu ishughulikiwe mapema; ubingwa pekee hauitoshi CAF.