Fungu la buku

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Uchumi kidato cha tano nilianza kama nilivyoanzishwa mimi: maana ya neno ubaoni, mchoro, kisha nukuu. Siku moja nikauliza, nyanya zikipanda bei wanunuzi watafanyaje? Binti mmoja wa nyuma akajibu, "Mwalimu, nyanya hazipandagi bei. Fungu ni buku siku zote."

Wenzake wakacheka. Kesho yake nikapitia sokoni, nikanunua fungu la buku, yaani shilingi elfu moja, nikalimwaga mezani: nyanya nne. Wakati wa mavuno fungu hilohilo lilikuwa na saba. Haya, moja shilingi ngapi? Wakagawa: 250, zamani kama 143. Kelele zilizofuata sijawahi kuzipata kwa mchoro wowote. Mmoja akataka kuliita jambo hilo mfumuko wa bei, wakambishia wenyewe: nyanya peke yake ni msimu tu, mpaka tuone na unga, nauli na kodi ya chumba.

Tangu hapo maana ya neno naiweka mwisho.

Ukitaka somo la soko, cheza mnada. Nusu ya darasa wauzaji wa mahindi, nusu wanunuzi. Kadi ya muuzaji ina bei ambayo hashuki chini yake, ya mnunuzi ina bei ambayo hapandi juu yake. Wape dakika tano wapatane, kila bei iandikwe ubaoni, kisha rudia raundi tatu au nne. Mwanzoni bei zinaruka ovyo, baadaye zinasogeleana zenyewe. Vernon Smith, aliyepata Nobel ya Uchumi mwaka 2002, alianza na michezo ya aina hii darasani kwake. Kadi ziwe siri. Mara ya kwanza niliwaacha waonyeshane, mchezo ukafa kabla haujaanza.

Vitabu havitoshi, lakini takwimu za bure zipo. NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, hutoa mfumuko wa bei kila mwezi, na BoT, Benki Kuu, ina tathmini yake ya uchumi ya kila mwezi, ingawa hiyo ni nzito, mimi huchukua jedwali moja tu. Ninayoipenda zaidi ni bei kikomo za mafuta, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, zinazotolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya mwezi. Natoa kopi ya ukurasa mmoja, nauliza kwa nini petroli ya Kigoma ni ghali kuliko ya Dar.

Wabishane kwa Kiswahili. Mtihani ni wa Kiingereza, najua, ndiyo maana dakika kumi za mwisho kila mtu anaandika hoja yake kwa Kiingereza, hata kama ni sentensi tatu.